Nyuzi Nne na Mwenye Wimbo

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kuhusu wimbo wa kuazima hawakuacha neno, na pengine ndiyo sababu mjomba mmoja na mpwa wake, wote wenyeji wa Msambweni, walizozana juu ya jambo hilo kwa muda wa likizo nzima.

Mpwa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili, akisomea Kiswahili na historia. Mwezi wa Desemba alirejea nyumbani akiwa na begi la nguo mkononi na kifuko cheusi mgongoni, kimemkaa kama mtoto aliyebebwa. Ndani ya kifuko mlikuwa na ala iliyofanana na gitaa kwa kila hali ila kimo. Ilikuwa ukulele. Alikuwa ameununua kwa mwenzake wa bwenini aliyeshindwa kuupiga. Mjomba alipouliza jina la kitu hicho na kutajiwa, alicheka hadi akashika ukuta.

"Ukelele? Masomo yote hayo, mpwangu, ukaenda kununua ukelele? Hapa kwetu si zipo kelele za bure?"

Utani huo ungemfurahisha mwanaisimu yeyote. Katika lugha ya Hawaii jina la ala hiyo aghalabu hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Wala Hawaii si chimbuko lake la kwanza. Mnamo mwaka wa 1879 wahamiaji wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira waliwasili huko kufanya kazi katika mashamba ya miwa, wakiwa na vigitaa vyao vidogo, na kutokana na vigitaa hivyo mafundi walitengeneza ukulele. Mpwa aliyaeleza hayo yote kwa bidii ya mtu aliyetoka kuyasoma juzi. Mjomba alisikiliza, kisha akasema kuwa Wareno hao hao walifika Mombasa mapema zaidi, wakajenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593, na Waswahili wakabakia na maneno kama vile meza na gereza. "Hawaii wameachiwa muziki, sisi tumeachiwa gereza," alisema. Ni vigumu kumpinga.

Mjomba hakuwa mtu wa kubeza muziki. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa mpiga gitaa katika bendi ndogo zilizozunguka hoteli za Diani, zile bendi za watu watatu au wanne waliovaa mashati ya kitenge, wakipita meza kwa meza wakati wa chakula cha jioni. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, hoteli zilifungwa na marufuku ya kutoka nje usiku ikatangazwa. Mwanamuziki wa hotelini hana mkataba wa kudai wala shamba la kurudia. Katikati ya mwaka huo mjomba aliuza gitaa lake kwa bei ambayo hakuitaja nyumbani, na fedha zake zikaingia katika unga na mafuta ya kupikia. Hoteli zilipofunguliwa tena aliitwa mara chache tu, na kila mara ilimbidi aazime gitaa. Kwa hiyo, ule ukulele uliochekwa ndio uliokuwa na nyuzi pekee zilizosalia katika nyumba ile.

Nyuzi zenyewe zilikuwa tatu. Ya nne ilikuwa imekatika safarini, na Msambweni hakuna duka liuzalo nyuzi za ukulele. Mpwa alishuka dikoni, akaomba kipande cha mshipi wa nailoni kwa mvuvi aliyekuwa akitengeneza zana zake chini ya mwembe, akajaribu unene wa kwanza, ukalia kama mbu. Akajaribu wa pili, ukakubali. Jambo hili si la kustaajabisha kama linavyosikika, kwani baadhi ya nyuzi za ukulele ziuzwazo kwa bei ghali ughaibuni hutengenezwa kwa mada zile zile zitumiwazo katika mishipi ya kuvulia.

Tangu siku hiyo mwembe ule ukawa na baraza. Vijana wanne au watano walikutana pale alasiri, wavuvi wakiwa wamekwisha kuuza samaki. Mmoja alipiga ndoo ya plastiki, mwingine akatikisa kayamba iliyoachwa na bibi yake, na mpwa akashika ukulele. Nyimbo zao zilikuwa za wasanii wa siku hizi: "Sura Yako" wa Sauti Sol, uliotoka mwaka wa 2014; "Dusuma" wa Otile Brown na Meddy wa Rwanda, wa mwaka wa 2020; na zaidi ya zote "Sukari" wa Zuchu, wa mwaka wa 2021. Hawakuwa mahodari. Mara nyingi ndoo ilitangulia, ukulele ukaifuata ukihema. Hata hivyo, wimbo ambao redioni umejazwa vinanda vya kompyuta, ukivuliwa mavazi hayo ukaachwa na nyuzi nne, hulazimika kusimama kwa maneno yake na mahadhi yake. Mengine huanguka hapo hapo. "Sukari" ulisimama, na kina mama waliokuwa wakikaanga samaki kando waliupokea kwa makofi bila ya kuombwa.

Mjomba alishikilia kuwa huo ulikuwa mchezo wa kasuku. Wimbo wa mwaka huu, alidai, huzikwa mwaka ujao. Afadhali kijana ajifunze nyimbo zilizothibitika. Nyimbo zilizothibitika kwake zilikuwa mbili, "Malaika" na "Jambo Bwana".

Mpwa alikuwa akiisubiri hoja hiyo. Alimkumbusha kuwa "Jambo Bwana" nao ulikuwa wimbo mpya mwaka wa 1982, ulipotolewa na Them Mushrooms, vijana wa Pwani waliokuwa wakitumbuiza watalii hotelini kama yeye mjomba. Alimkumbusha pia Juma Bhalo, aliyejipatia sifa kote Pwani kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na hakuna aliyemwita kasuku. Hata Zuchu, alisema, ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu; basi mpya ni nini na cha kale ni kipi? Kisha akaingia katika suala la "Malaika", alilokuwa akikusudia kuliandikia tasnifu fupi. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na jina lake ndilo lililokaa juu ya sahani, lakini hadi leo wapo wanaoshikilia kuwa mtunzi ni Adam Salim. Miriam Makeba aliuimba, Harry Belafonte akauimba, na kundi la Boney M la Ujerumani likaurekodi mwaka wa 1981, kisha mwaka wa 1983 likauchukua na "Jambo Bwana" pia. Kila aliyeuazima aliupeleka mbali zaidi, na kadiri ulivyokwenda mbali ndivyo jina la mwenyewe lilivyofifia.

"Kwa hiyo kosa si kuuimba wimbo wa mtu," alihitimisha kwa sauti ya mhadhiri. "Kosa ni kutomtaja mwenye wimbo."

Mjomba alinyamaza. Hakuwa amekubali, alikuwa amechoka.

Jumamosi moja kabla ya mwaka mpya alipigiwa simu na hoteli moja ya Diani. Bendi yao ilikuwa imepungukiwa na watu wawili. Mjomba akaazima gitaa, akatazama huku na huku, na asipate mtu wa pili ila mpwa wake. Walipanda matatu hadi Ukunda, kisha bodaboda hadi langoni, kijana akiwa amevaa shati la kitenge la mjomba lililompwaya mabegani.

"Malaika" uliombwa kabla hata hawajamaliza kulinganisha sauti za ala zao. Walipoupiga, mgeni mmoja mwenye uso wa ukarimu aliinua glasi akasema kwa furaha, "Boney M!" Mjomba alimjibu kwa adabu, "Fadhili William, bwana." Mgeni alitikisa kichwa kama anayekubali jina la kinywaji asichokijua, akarejea kwenye sahani yake. Wimbo ule uliombwa tena baada ya nusu saa.

Wakati wa mapumziko mjomba alikwenda kunywa maji, akamwachia mpwa nafasi ya wimbo mmoja. Kijana alipiga "Sukari". Wageni waliendelea na mazungumzo yao, hakuna aliyegeuka. Lakini mhudumu wa kike aliyekuwa amebeba sinia la vikombe alisimama. Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, wapishi wawili wakachungulia, na kiitikio kilipofika kikatoka midomoni mwao kwa sauti ya chini, kikapokewa na mtunza bustani aliyekuwa gizani nyuma ya minazi. Kwa dakika mbili au tatu palikuwa na tamasha mle hotelini ambalo wageni hawakulijua. Kisha msimamizi alikuja, mlango wa jikoni ukafungwa, na kijana akaombwa kwa upole arudie nyimbo za Kiswahili.

Nyimbo za Kiswahili! Alitaka kuuliza huo alioupiga ulikuwa wa lugha gani, lakini mjomba alikuwa amekwisha kurudi, amesikia yote, na tayari ameanza "Jambo Bwana".

Njiani kurudi hawakusema mengi. Kesho yake, baada ya chai, mjomba aliketi barazani akanyoosha mkono bila ya kusema anachotaka, na mpwa akampa ukulele. Aliupakata kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Kisha vidole vitatu vikajipanga vyenyewe katika umbo analoliita D katika gitaa, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, na badala ya D ikatoka G. Alishtuka, akarudia. Mpwa alimweleza kuwa nyuzi za ukulele ni kama nne nyembamba za gitaa zilizobanwa kwenye kigawanyo cha tano, ila ule uzi wa juu ni mwembamba badala ya kuwa mzito. Maumbo ya vidole ni yale yale, majina ndiyo yamehama. Mjomba akacheka, safari hii kwa sauti ndogo.

"Nifundishe ule wa jana," alisema. "Ule wa jikoni."

Kijana alimwonyesha. Baada ya kujaribu mara tatu, mjomba aliinua macho.

"Nani mwenye wimbo huu?"

"Zuchu, mjomba."

"Zuchu ni mwimbaji. Nauliza aliyetunga. Ni yeye mwenyewe au kuna mwingine? Na mahadhi kayapanga nani?"

Mpwa alifungua kinywa, akakifunga. Alikuwa ameuimba wimbo huo kwa zaidi ya mwaka, chuoni na dikoni, wala swali hilo halikuwahi kumjia. Akatoa simu, bando lilikuwa limekwisha usiku.

Mjomba alitia mkono mfukoni, akatoa noti ya shilingi hamsini katika malipo ya jana, akamwelekeza kwenye duka lililo barabarani. Ukulele hakuurudisha. Kijana aliporejea, akiwa bado anasubiri ukurasa ufunguke, alimsikia tangu kwenye ua: mjomba alikuwa amekwisha kuupata nusu ya wimbo, kwa ufunguo mwingine kabisa.