Alasiri Moja Ukingoni mwa Kilombero

Siku moja ya joto kali, kabla ya masika kuanza, tulisali Adhuhuri, kisha tukaondoka Viwanja Sitini kwa baiskeli pamoja na wanafunzi watano wa madrasa, tukashika njia ya mtoni. Nia yetu ilikuwa kuwatazama ndege.

Ndugu wasomaji, sisi wakazi wa Ifakara tumelizoea bonde hili hata hatulitazami. Nyuma yetu ni milima ya Udzungwa. Mbele yetu ni mto Kilombero, ambao zamani watu waliuvuka kwa kivuko, na ambao daraja lake lilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Masika yakija, mto hufurika ukawa kama bahari. Yakiisha, huacha mabwawa, samaki na matete, nao ndege huijia riziki yao. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye manufaa kwa dunia nzima.

Tuliwaona yangeyange weupe, mdiria akipiga mbizi, na mnana wa Kilombero mwenye manyoya ya manjano, afumaye kiota chake katika matete. Wataalamu walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 1990 tu, wala hajulikani kuishi katika nchi nyingine yoyote.

Ghafula mwanafunzi mmoja akatokea na kiota chenye makinda mkononi. Tulipomkemea, alijibu kwa adabu: "Maalim, si hawa ndio wanaomaliza mpunga wa baba?"

Neno lake lilitunyamazisha, kwani sisi nasi ni wakulima, na twaijua taabu ya kuamia ndege tangu alfajiri. Tukamwambia: "Mwanangu, kulinda shamba ni haki ya baba yako. Lakini kinda huyu hajaonja punje ya mtu." Kisha tukawasimulia jinsi masahaba walivyochukua makinda safarini, mama yao akawa anapapatika, naye Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe watoto wake.

Tukaingia matopeni pamoja naye, tukakifunga kiota kwenye tete kwa jani. Tukasali Alasiri pale ukingoni, tukangoja mpaka jua likainama. Mama hakuonekana, nasi ikatubidi kurudi kabla ya Magharibi.

Njiani kijana yule hakusema neno. Enyi vijana, kukivunja kiota ni kazi ya mkono mmoja. Kukirudisha, mikono kumi na miwili haikutosha. Na matete tunayoyafyeka leo kwa mashamba na malisho, ni nani atakayeyafunga tena?