Mpaka uliomo ndani ya simu

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa Tunduma nikifuatilia foleni ya malori. Habari ya malori itakuja. Leo nina ya simu.

Simu yangu iligoma nikiwa kule, nikanunua ya mtumba kibandani ili nirekodi mahojiano. Usiku gesti nikapekua mipangilio, nikakuta kerneli ni Linux 3.4. Usingizi ukakata. Humo nilishaingiza namba za watu wawili walionisimulia jinsi magendo yanavyovuka kwenda Nakonde, na sauti zao.

Nieleze kidogo. Simu nayo ina mpaka. Upande mmoja zipo programu zetu, upande wa pili ipo kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ambacho hufika popote kwenye kumbukumbu. Programu ikitaka kitu huomba: nisomee faili hili, majibu niwekee kwenye anwani fulani. Kabla ya kuandika, kerneli lazima ihakikishe anwani hiyo iko upande wa programu. Isipohakikisha, mchezo wa bure uliopakua jana unaweza kutaja anwani ya kerneli yenyewe, nayo ikajiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kuanzia hapo mchezo ndio bosi wa simu: namba ya siri ya pesa, meseji, sauti za watu wangu, vyote vyake.

Kosa hili ni rahisi kulifanya, maana anwani ni namba tu, haina sura. Ndiyo maana mwaka 2003 Linus Torvalds alianza kuandika chombo kiitwacho Sparse. Waandishi wa kerneli huzipa anwani zinazotoka kwa programu alama ya __user, halafu Sparse husoma msimbo wote bila kuuendesha na kupiga kelele kila anwani yenye alama inapotumiwa kama ya kerneli. Mwaka 2004 Rob Johnson na David Wagner wa Berkeley walitumia chombo kingine, CQUAL, wakapata matundu 17 ya aina hii ndani ya Linux. Kadhaa yalikuwa yamepita mbele ya macho ya watu waliokagua kwa makini! Mie ninayeachia makosa ya herufi humu kila siku sishangai.

Sasa kwa nini nilikosa usingizi? Kwa sababu Sparse huangalia kama lori limepitia getini, haiangalii kama getini kuna mtu. Geti ni kazi ziitwazo get_user na put_user, na kwenye prosesa za ARM v6k na v7, zilizojaa kwenye simu za Android za miaka ile, kazi hizo hazikuwa zikihakiki anwani ipasavyo. Linux 3.5.5 ya mwaka 2012 ilirekebisha. Lakini Oktoba na Novemba 2013 wavamizi walikuwa bado wanaingilia simu za Android kwa tundu hilo hilo. Dawa ipo, mgonjwa hajaletewa.

Na msidhani ni mambo ya zamani tu. Mwaka 2017 Linux 4.13 ilitoka na waitid iliyosahau ukaguzi huo. Alama ya __user ilikuwepo, imekaa sawasawa, kwa hiyo Sparse haikuwa na la kusema.

Kusema haki, namba 3.4 peke yake haithibitishi kwamba simu ni mbovu, kwani kiwanda huweza kutia kiraka bila kubadili namba. Asubuhi nikarudi kibandani kuuliza kama simu ile hupokea masasisho.

"Hiyo haina apdeti kaka," akanijibu yule kijana, "lakini betri inakaa siku mbili!"

Nikahamishia sauti kwenye kadi, nikafuta simu yote, na namba za wale wawili nikaziandika kwenye daftari. Simu ninayo bado. Naitumia kama tochi.