Mwaka wa Kupunguzwa

Masjala yetu ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya utawala, kati ya ofisi ya mhasibu na stoo ya vifaa vya kuandikia. Dirisha lake lilitazama jikoni, kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi karatasi zote zilinukia maharage. Kulikuwa na makabati ya chuma yenye majalada ya watumishi, kila jalada na namba yake, meza ya taipureta, na mashine ya kudurufu iliyotuachia wino mikononi mpaka jioni. Kwenye kona ilikaa sefu ndogo ya kijani, ya barua za siri, na ufunguo wake alikuwa nao Katibu wa Afya. Mimi nilikuwa karani wa masjala ya wazi, kijana bado, katika hospitali ya mkoa kwenye mji mmojawapo wa Reli ya Kati. Jina la hospitali naliacha, maana wengi ninaowasimulia wana watoto wanaofanya kazi pale hadi leo.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Magazeti yalishuka na treni, ya jana au ya juzi. Na wizara tuliwasiliana kwa barua, kwa simu ya opereta siku laini ilipokubali, au kwa simu ya upepo iliyokuwa Ofisi ya Mkoa. Redio ilitangulia katika kila jambo. Saa mbili usiku, taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza, wodi zilinyamaza, na muuguzi aliyekuwa akigawa dawa alisogea karibu na kitanda cha mgonjwa mwenye redio. Ndivyo tulivyosikia kwamba Serikali itapunguza watumishi wake. Mgonjwa alisikia dakika ileile na muuguzi wake, akamgeukia na kumuuliza, “Sista, na wewe umo?”

Swali hilo lilizunguka hospitali nzima kabla jua halijachomoza.

Mambo yenyewe yalikuwa yameanza zamani. Tangu Serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, kila bajeti iliyosomwa mwezi Juni ilikuja na mkanda wa kukaza. Mwaka 1991 hospitali za binafsi za biashara, zilizopigwa marufuku mwaka 1977, ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 ajira za moja kwa moja zilisimama. Wahitimu wa vyuo vya uuguzi na utabibu, waliozoea kupangiwa vituo na Serikali mara tu wamalizapo, wakaambiwa wasubiri. Julai mwaka huohuo uchangiaji wa matibabu ulianza katika hospitali kubwa, ukateremka hatua kwa hatua. Na upunguzaji ulikuwa ukiendelea sambamba na hayo yote: watumishi wapatao 50,000 waliondolewa kazini katika miaka ile, kutoka katika utumishi uliokuwa na watu wapatao 355,000 mwaka 1992. Leo ninaweza kuyapanga hivyo kwa mfuatano. Wakati ule yalitufikia vipande vipande, kimoja kwa redio, kingine kwa waraka, kingine kwa dereva aliyetoka Dodoma.

Kwa kuwa majalada yalikuwa kwangu, watu waliamini majina yalikuwa kwangu. Mpishi aliniletea maembe. Mlinzi wa getini, mtu mzima aliyenizidi hata baba yangu kwa umri, alianza kuniamkia kwanza, jambo lililonitia aibu nikawa namkwepa. Mhudumu mmoja wa wodi ya watoto aliingia, akafunga mlango, akasema, “Mwanangu, mimi sitaki uniambie. Wewe nikikuuliza, nyamaza tu, nitajua.” Nami sikuwa najua chochote. Ukweli ni kwamba sefu ya kijani nayo haikuwa na orodha yoyote. Ilikuwa na waraka mmoja kutoka Idara Kuu ya Utumishi, unaoeleza utaratibu bila jina hata moja. Lakini sefu ikishafungwa, kila mtu huweka ndani yake kile anachokiogopa.

Madobi ndio walioumia zaidi. Uvumi ulisema kazi zote za kufua, kupika na kulinda zitapewa watu wa nje. Dobi mmoja alianza kuuza kuku wake. Mwingine alimtoa mtoto shule akampeleka kwa bibi yake kijijini, ili wakati wa kuhama ukifika mzigo uwe mdogo. Yote hayo kabla ya barua hata moja kuandikwa.

Katibu wetu wa Afya alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Tulimwita Mama Katibu. Nilikuwepo nikipanga barua siku alipoingia kwa bosi wa hospitali na ule waraka mkononi. Bosi alikuwa daktari mzuri, nasema hivyo kwa haki, lakini aliona ni busara kungoja. “Tusiwatie watu hofu kwa jambo lisilokamilika,” alisema. “Orodha ikija, tutawaambia mara moja.”

Mama Katibu alijibu pole pole. “Mzee, hofu wanayo tayari. Wamepewa na redio. Sisi tunachoweza kuwapa ni hiki kidogo tulichonacho, na tuwaambie kwamba ni kidogo.”

Alikubaliwa kwa shingo upande. Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, kwenye makabidhiano ya zamu, aliusoma waraka wote mbele ya wauguzi katika bwalo la chakula, pamoja na mwenyekiti wa tawi la OTTU, chama cha wafanyakazi cha wakati ule. Saa nane mchana akausoma tena kwa zamu iliyoingia. Nilidhani amemaliza. Saa mbili na nusu usiku nilimwona akivuka uwanja na chemli, umeme umekatika, anakwenda wodi hadi wodi kuwasomea wa usiku. Katika hospitali zote nilizozijua, zamu ya usiku ilikuwa ya mwisho kupata habari, na ilizipata zikiwa zimeshaongezewa chumvi. Mama Katibu alikuwa muuguzi kabla ya kusomea utawala, na mambo ya zamu ya usiku alikuwa akiyajua kwa mwili wake.

Kwenye ule mkutano wa mchana dobi mkuu aliinuka. Alikuwa na mikono iliyobabuka kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu. “Mama Katibu, tunakushukuru. Swali langu ni dogo. Sisi tuendelee kufua, au tuanze kufunga mizigo?”

Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha.

“Sijui,” alisema Mama Katibu. “Sijaambiwa ni idara zipi. Nitakwenda Mkoani kuuliza, na Ijumaa saa nane nitakuwa hapa hapa.” Akaniita mbele ya wote, akanipa daftari la shule la kurasa tisini na sita, akaniagiza niandike swali lile, jina la aliyeuliza na tarehe. Daftari likaning’inizwa kwa kamba kwenye ubao wa matangazo, na kalamu yake. Yeyote aliweza kuandika, hata bila jina.

Ijumaa saa nane alikuja. Alikuwa hana jibu. Mkoani nako walikuwa wakingoja. Angeweza kukaa ofisini kwake na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisimama mbele ya madobi, akasema alikokwenda, aliyemkuta, alichoambiwa, na siku atakayorudi tena. Nimehudhuria mikutano mingi ya watumishi tangu siku ile, mingine yenye vipaza sauti, chai na vitafunio, na sijaona wa kulinganisha na ule wa dakika chache. Dobi mkuu alitikisa kichwa kukubali. Yule aliyekuwa anauza kuku aliacha kuuza.

Daftari lilijaa upesi kuliko nilivyotarajia. Niliyapiga chapa majibu, nikayadurufu na kuyabandika. Wengi hawakuuliza nani atapunguzwa. Waliuliza kuhusu nyumba za hospitali, kama mtu akiondoka familia itapewa muda gani. Kuhusu nauli na mizigo ya kurudi kwao. Kuhusu kiinua mgongo cha mtu aliyeanza kama kibarua akaajiriwa rasmi miaka mingi baadaye. Hapo ndipo masjala ilipogeuka kuwa mahali pa kazi nzito. Mafao yalihesabiwa kwa karatasi: barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, kumbukumbu za likizo na uhamisho. Jalada lenye pengo lilimaanisha mtu kurudi mkoani miezi na miezi akifuatilia haki yake. Mama Katibu akatoa agizo ambalo halijawahi kusikika pale: kila mtumishi aje, kwa zamu, asome jalada lake mwenyewe mbele ya karani, aseme kinachokosekana.

Wengine walilia. Mpishi wa maembe alikuta barua ya pongezi iliyoandikwa wakati wa kipindupindu, ambayo hakuwahi kupewa nakala. Mhudumu wa wodi ya watoto alikuta mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa kumzidishia umri. Tuliyarekebisha tuliyoweza kuyarekebisha, tukaandikia vituo vya zamani kuomba nakala, na barua nyingine zilirudi na treni baada ya wiki nyingi. Sikumbuki kazi nyingine iliyonipa heshima kama ile ya kutafuta barua za watu katika makabati yenye mende.

Uchangiaji nao tuliupokea kwa namna ileile. Kabla dirisha la malipo halijafunguliwa, wauguzi, makarani na walinzi waliitwa pamoja. Walinzi, ndiyo, kwa sababu mgonjwa akifika huuliza getini kwanza. Walielezwa nani analipa na nani anasamehewa: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma, wasiojiweza. Sista mmoja wa mapokezi aliuliza, “Akija mtu ananiambia hana kitu, nami namwona kweli hana kitu, karatasi yake ya msamaha anasaini nani usiku?” Waraka haukuwa na jibu la usiku. Uongozi ulikaa, ukaamua sista wa zamu atasaini na ustawi wa jamii watathibitisha asubuhi. Pengo hilo lisingeonekana kama waraka ungeishia kwenye ubao. Muuguzi ndiye anayelisoma agizo machoni mwa mgonjwa, na mara nyingi analiona tundu lake kabla ya aliyeliandika.

Rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa karani katika hospitali nyingine, mkoa mwingine. Kwao majina yalibandikwa getini Ijumaa jioni, ofisi zikiwa zimefungwa. Aliniandikia kwamba watu waliyasoma kwa mwanga wa viberiti, na kwamba wauguzi wawili ambao hata hawakuwemo kwenye orodha waliacha kazi mwezi uleule, wakaenda hospitali ya misheni. Walimwambia hawawezi kuendelea kukitazama kile kigeti kila Ijumaa.

Orodha yetu ilifika baada ya miezi kadhaa. Sefu ya kijani ilikaa nayo usiku mmoja tu. Mama Katibu aliwaita mmoja mmoja asubuhi yake, akiwa na mwenyekiti wa tawi na karatasi ya hesabu ya mafao ya kila mtu, ili atokaye mle ajue anapata nini, lini, na wa kumfuata ni nani. Madobi watatu. Wapishi wawili, mmoja wao yule wa maembe. Mlinzi mzee. Watunza bustani wote. Hakuna maneno yaliyoweza kuifanya habari ile iwe njema. Mlinzi alikaa nje ya mlango muda mrefu na kofia yake magotini. Mpishi aliniambia, “Afadhali nimeijua mdomoni mwake,” akaingia jikoni kumaliza ugali wa mchana, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanangoja.

Tulipodhani mambo yamekwisha, akaitisha mkutano mwingine, wa waliobaki. Hili wengi hulisahau: anayebaki huchukuliwa kuwa amepata bahati na hana haki ya kuuliza. Dobi mkuu alikuwa amebaki na mwenzake mmoja, kwa shuka za hospitali nzima, tena wodi ya wazazi haikupungua hata kitanda kimoja. Katibu aliandika Mkoani kuomba watu. Jibu lilipokuja, lilisema fedha hakuna na kibali cha kuajiri hakuna. Alilibandika jibu lenyewe kwenye ubao, lenye mhuri na kumbukumbu namba yake, bila kulipaka sukari, kisha akamwita matroni na dobi mkuu wakae.

Walitoka na ratiba. Shuka za chumba cha upasuaji na za leba zifuliwe kila siku. Wodi nyingine zipokezane. Ndugu wa wagonjwa waombwe waje na shuka zao, na walinzi waelekezwe namna ya kuwaambia getini. Niliipiga chapa mchana uleule, nikatoa nakala kwa kila wodi, na ya mwisho niliipeleka mwenyewe saa mbili na nusu, kwa zamu ya usiku.