Steringi Aliyekufa

Runinga ya banda la video kijijini kwetu Mbaga ilikuwa ya Kichina, ya inchi kumi na nne, na haikuwa na rangi. Picha yoyote iliyoingia humo, hata iliyopigwa kwa rangi zote za dunia, ilitoka nyeusi na nyeupe. Ile suti ya njano ya Bruce Lee sisi tuliijua kuwa ya kijivu. Tukakua hivyo, tukiamini kwamba sinema ni kivuli na mwanga, na mpaka leo naona tulibahatika.

Nazungumzia mwanzo wa miaka ya 1990, huko Upare Kusini, wilaya ya Same. Wazanzibari walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Runinga zilizoanza kuingia nchini baada ya rais wa wakati huo, tuliyemwita Mzee Ruksa, kulegeza biashara katikati ya miaka ya 1980 hazikuwa na cha kudaka hewani. Kazi yake ilikuwa moja: deki na mikanda. Mikanda ilishushwa stendi ya Same kutoka kwenye mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, ikapandishwa mlimani kwa Landrover pamoja na sukari, mafuta ya taa na wagonjwa waliokuwa wanarudi kutoka hospitali.

Mingi ilikuwa ya ngumi na ya Kihindi. Lakini mwenye banda alikuwa na shemeji yake bandarini Tanga, na huyo shemeji alipenda picha za kutisha za zamani. Ndiye aliyetuletea Dracula na Frankenstein, zote mbili za mwaka 1931, na baadaye ile ya mazombi nitakayoieleza. Mabaharia walikuwa wanamuuzia kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mjini hakuna aliyezitaka. Kule juu zilikuta wenyewe.

Zilikuta na mazingira yake. Mwezi wa Juni na Julai ukungu unashuka kutoka msitu wa Chome na kilele cha Shengena, unaingia migombani, na saa moja ya usiku mtu akisimama hatua kumi mbele yako humwoni. Tulikuwa tunakwenda bandani tumejifunika makoti na khanga za mama zetu. Jenereta liliwekwa nyuma, mbali kidogo, lisizidi sauti ya picha. Petroli ikikaribia kwisha, picha ilianza kujikunja kutoka pembeni, weusi unaingia kutoka kila upande, watu wa kwenye kioo wanazidi kuwa wadogo, mpaka mwenye banda akimbilie nje na galoni. Hakuna fundi wa sinema aliyewahi kubuni kitisho kizuri kuliko kile, maana hukujua kama ni picha inayoisha au ni zimwi linalokuja.

Kabla mikanda iliyotafsiriwa na Lufufu wa Dar es Salaam haijafika milimani, sisi tulikuwa na mtafsiri wetu: kijana aliyemaliza kidato cha nne, aliyesimama pembeni ya runinga na fimbo ya kuonyeshea. Alianza kwa Kiswahili, mambo yakichacha akahamia Chasu, yaani Kipare chetu. Bela Lugosi, mwigizaji wa Hungaria aliyecheza Dracula, aliongea Kipare kizuri kuliko watoto wengi wa siku hizi.

Dracula ile karibu haina muziki. Baada ya majina ya mwanzo, sehemu kubwa ni kimya: mlango, ngazi, buibui, na mtu mwenye koti refu jeusi anayekutazama bila kupepesa. Kimya hicho bandani kilijazwa na upepo kwenye mabati na mtoto wa mtu anayekohoa. Na meno yake marefu hayaonyeshwi hata mara moja katika filamu nzima. Nimeiangalia tena ukubwani, nikayatafuta fremu hadi fremu, hayapo. Lakini ungemuuliza yeyote aliyetoka bandani usiku ule angekuapia kwa jina la mama yake kwamba ameyaona, na angekuonyesha kwa vidole urefu wake. Ndiyo kazi ya giza likiachiwa nafasi.

Bibi yangu, aliyekuwa hajawahi kukanyaga banda la video, alisikiliza tukimsimulia akatikisa kichwa.

"Huyo ni mumiani," alisema. "Mnalipa hela kwenda kumtazama mumiani?"

Kwake haikuwa hadithi ya Wazungu. Tangu enzi za mkoloni watu wa Tanga na Dar es Salaam waliogopa mumiani, wanyonya damu wanaovizia watu usiku, na wajukuu walikatazwa kutembea peke yao. Mbaga yenyewe ina kumbukumbu zake nzito. Kuna mapango ya Mghimbi, walimojificha wazee wetu wakati wa wawinda watumwa. Na mmisionari Mjerumani Jakob Dannholz, aliyekaa hapo hapo Mbaga, alichapishiwa kitabu kizima mwaka 1916 kuhusu Wapare na imani yao ya mizimu. Kwa hiyo Dracula alipofika hakufundisha mtu kuogopa. Alikuja kama mgeni anayejua mila.

Kiumbe wa Frankenstein nilimpenda zaidi, na wengi tulimpenda. Boris Karloff, anayemcheza, hasemi neno. Anaguna tu, ananyoosha mikono kuelekea mwanga unaotoka juu ya dari, na uso wake mzito unabadilika ghafla kuwa wa mtoto anayetaka kubebwa. Kina mama waliokaa nyuma walimhurumia kwa sauti. Kuna pale anapokutana na binti mdogo kando ya ziwa, wanarusha maua majini pamoja, yanaelea, naye anacheka. Mkanda wetu ulikuwa wa ile nakala iliyokatwa na wakaguzi huko Marekani: maua yanaisha, anamnyooshea binti mikono, halafu picha inaruka. Baadaye baba anapita mjini amebeba mtoto maiti. Kipande cha katikati, ambapo anamrusha majini akidhani naye ataelea, kilirudishwa kwenye filamu miaka ya 1980, lakini hakikutufikia. Tulibaki wenyewe kujaza pengo lile, na kila mtu alijaza kwa alichokiogopa zaidi. Mama mmoja alitoka nje akilia, akasema yule si mnyama, ni mtoto asiye na mama wa kumfundisha. Sijasoma uchambuzi wa filamu ile unaozidi maneno hayo.

Kurudi nyumbani ndiko kulikuwa na shughuli. Tulitembea kundi, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati, koroboi mbili tatu. Na perere wakaanza. Asiyejua milima yetu nimweleze: perere ni mnyama mdogo wa mtini, si mkubwa kuliko sungura aliyenona, lakini usiku anapiga kelele za mtu anayekabwa koo, zinapanda, zinakwaruza, zinakatika. Kila siku tulimsikia tukiwa tumelala, wala hakumwamsha mtu. Usiku wa Dracula perere mmoja alitosha kuwatupa watu kumi kwenye shamba la kahawa. Tukainuka, tukacheka mpaka tukaishiwa nguvu, tukashikana mikono, tukaendelea.

Halafu ikaja ile ya mazombi. Kwa Kiingereza inaitwa Night of the Living Dead, ya George Romero, mwaka 1968, iliyopigwa mashambani Pennsylvania kwa fedha ndogo. Damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa kuwa kwenye picha isiyo na rangi hakuna atakayejua. Wafu wanafufuka, wanakula watu, na watu saba wanajifungia kwenye nyumba ya shamba. Anayewaongoza ni mtu mweusi, Ben, aliyechezwa na Duane Jones.

Ni lazima nieleze hilo lilikuwa na maana gani bandani kwetu. Katika picha zote tulizokuwa tumeona, mtu mweusi alikuwa mpagazi au ndiye wa kwanza kufa. Huyu anang'oa milango, anavunja meza, anapiga mbao madirishani kwa nyundo na misumari, anawatuliza wanaolia, anampiga ngumi Mzungu mwoga aliyemfungia nje. Banda lililipuka. Kila msumari ulihesabiwa kwa sauti. Wanaume waliokuwa mafundi seremala walianza kumwelekeza: weka mkingamo, hapo pataachia! Tulijua atapona, kwa sababu kanuni ya banda la video ni moja na kila mtoto wa Tanzania anaijua: steringi, shujaa wa picha, hafi.

Ben anapona usiku kucha. Wenzake wote wanakwisha, yeye anakaa kwenye chumba cha chini ya nyumba na bunduki yake mpaka kunapambazuka. Anasikia watu, askari na raia wenye silaha waliokuja kusafisha mazombi. Anapanda, anachungulia dirishani. Mmoja wao anamlenga kichwani, wanamdhani zombi. Wanamburuta kwa ndoana za nyama, wanamtupa kwenye rundo, wanawasha moto.

Mtafsiri alinyamaza. Hakuna aliyesimama. Mtu mmoja akasema, "Rudisha." Mwenye banda akarudisha mkanda, na Ben akapigwa risasi tena. "Rudisha," wakasema wengine. Alirudisha mpaka petroli ikaisha.

Njiani siku hiyo hakuna aliyemwogopa perere. Mwalimu mmoja mstaafu alitembea nasi, akatueleza kwamba mwaka ule ule wa 1968, mwezi wa nne, Martin Luther King aliuawa kwa risasi Memphis, na filamu ile ilitoka mwezi wa kumi. Romero mwenyewe alisema alimchagua Jones kwa kuwa alifanya vizuri kuliko wote waliojaribiwa. Iwe hivyo. Sisi tuliiona tulivyoiona, na nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoelewa kwamba kinachotisha si lazima kiwe na uso mbaya. Kinaweza kuja asubuhi, jua likiwaka, kikiwa na kibali cha serikali.

Tangu hapo nimeona nyingi. Nilifurahi Watanzania wenyewe walipoanza kutengeneza za kutisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi nilizitafuta mpaka nikazipata. Za Hollywood za siku hizi zina rangi zote na damu ya lita, na nasema bila kusita kwamba hazifiki kwenye kiatu cha Karloff.

Filamu ile ya mazombi haina mwenyewe kisheria nchini Marekani. Wasambazaji walipobadilisha jina lake walisahau kuweka alama ya hakimiliki, na kwa kosa hilo mtu yeyote akawa na ruhusa ya kuinakili, ndiyo maana ilikuwa rahisi kufika kwa mabaharia, Tanga, na Mbaga. Leo iko bure kwenye intaneti, dakika 96. Walimu na wazazi wa Same, Mbaga, Gonja na Chome, nawaombeni muwaonyeshe vijana wenu, wakiwa wengi, usiku, taa zimezimwa, na mtafuteni mtu mzima wa kuwatafsiria kwa Chasu.