Ni Nini Kinachokula Moto wa Simu Yetu?



Wapendwa vijana, kundi letu lina simu moja ya pamoja. Ndiyo inayomwita mwendesha pikipiki usiku, mgonjwa anapozidiwa na kutakiwa kufikishwa hospitali ya Baraka. Ndiyo pia inayopokea habari za ndugu zetu waliovuka ziwa na kuishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Simu hiyo ilipoanza kuzimika kabla ya saa mbili za usiku, ilhali ilitiwa moto hadi kujaa asubuhi ileile, jambo halikuwa dogo kwetu. Simu iliyozimika usiku ni mlango uliofungwa mbele ya mgonjwa.

Mapendekezo yalikuwa mengi. Wengine walitaka tununue betri mpya kwa fedha za kisanduku cha wagonjwa. Wengine walitaka simu mpya kabisa. Palikuwa pia na neno la tatu, lililosemwa pembeni baada ya Misa: kwamba kijana anayeitunza simu huangalia video usiku kucha. Neno hilo ndilo lililotuzuia kukimbilia sokoni. Betri hununuliwa, jina jema la mtu halina duka.

Vyama vingi vya vijana Wakatoliki hufuata njia ya Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha mwaka 1925 chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo: kuona, kupima, kutenda. Papa Yohane XXIII aliipendekeza njia hiyo katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961. Tumezoea kuitumia kwa mambo mazito ya kijamii. Safari hii tuliitumia kwa betri.

Kuona. Kwa siku saba tuliandika katika daftari asilimia ya moto asubuhi, adhuhuri na usiku, pamoja na mahali simu ilipokuwa na kazi iliyofanya. Tulifungua pia ukurasa wa mipangilio unaoonyesha ni programu ipi inayokula moto zaidi. Video hazikuwemo. Kilichoonekana kilikuwa kingine. Simu ikiwa Baraka mjini, karibu na mnara, moto ulishuka polepole. Ikipanda na mtunzaji wake hadi nyumbani kwao kilimani, njia ya kwenda Fizi, ambako mtandao ni hafifu, moto ulishuka upesi hata pasipo mtu kuigusa. Sababu yake inaeleweka: simu isiyousikia mnara vizuri huongeza nguvu zake na kutafuta mtandao bila kupumzika, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde.

Usiku mmoja tuliazima simu nyingine kwa ajili ya zamu, na hii yetu tukaiweka katika hali ya ndege, ile inayokata mtandao wote. Ililala na asilimia 90, ikaamka na 87. Usiku uliofuata, mahali palepale, mtandao ukiwa wazi, ilishuka kutoka 90 hadi 48.

Kupima. Namba hizo zilitufundisha kwamba betri bado ina uhai. Betri iliyochakaa kweli ina alama zake: hushuka sana hata katika hali ya ndege, huzimika ghafla huku ikionyesha asilimia 30 au 40, au huvimba. Iliyovimba haina mjadala: isitumike tena, isichajiwe, isitobolewe, wala isitupwe motoni, kwa maana inaweza kulipuka na kumuunguza mtu. Tulitambua pia kwamba simu yetu ilichajiwa juu ya meza iliyopigwa na jua kali, kando ya paneli, na joto ni adui mkubwa wa betri za lithiamu.

Jambo jingine liliingia katika mizani. Betri nyingi za simu zina kobalti ndani yake, na takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, hasa upande wa Lualaba na Katanga ya Juu. Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwakemea wanaoitendea Afrika kama mgodi wa kunyonywa. Haifai basi sisi wenyewe kutupa kwa wepesi kitu kilichotoka ardhini kwa jasho la ndugu zetu.

Kutenda. Kukata mtandao kila usiku hakukuwezekana, kwa sababu usiku ndio wakati wa kazi ya simu hii. Tukaamua mambo matatu. Simu ikipanda kilimani, iwekwe kwenye mtandao wa 2G peke yake, unaotosha kwa kupiga na kupokea. Ichajiwe kivulini. Na usiku ilale mjini, kwa mama mmoja wa shirika letu anayeishi karibu na mnara.

Hilo la tatu lilikuwa gumu. Kuiondoa simu mikononi mwa kijana yule kungeonekana kama hukumu juu yake. Kwa hiyo, kabla simu haijahama, daftari lilisomwa mbele ya kundi zima, naye akiwepo, ukurasa kwa ukurasa. Zamu ya mchana imebaki yake. Kisanduku cha wagonjwa hakikuguswa. Siku alama za uchakavu zitakapoonekana, betri mpya itanunuliwa, na fundi ataijaribu mbele yetu kabla ya malipo.

Nchi yetu hii inajua maana ya kusimama na ndugu. Tarehe 28 Novemba 1964, hapa Baraka, Padri Luigi Carrara alimwona mwenzake, Bruda Vittorio Faccin, ameuawa. Akakataa kuondoka, akachagua kufa karibu naye. Siku hiyohiyo, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa Wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Sisi hatukuombwa damu. Tuliombwa siku saba na daftari, ili ndugu yetu asibaki peke yake na neno lililosemwa pembeni.

Kwa mazungumzo katika makundi:

1. Ni neno gani linalosemwa pembeni juu ya mwenzetu, ambalo hakuna aliyelipima?
2. Kitu cha pamoja kinapoharibika, tunakichunguza kwa muda gani kabla ya kufungua kisanduku?
3. Nani kati yetu anabeba zamu ya usiku, na tumemsaidiaje?

Wenyeheri Luigi, Vittorio, Giovanni na Albert, mtuombee.