Simu Ilivyonifundisha Kuchora Ngozi Yetu

Kwa miaka mingi riziki yangu ilitoka kwenye vibao vya vinyozi na saluni. Temeke, Tandika, Mbagala: ulipoona kichwa cha kijana mwenye panki juu ya mlango wa kinyozi, au dada aliyesukwa twende kilioni kwenye ukuta wa saluni, huenda ulikuwa mkono wangu. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango. Mwenye duka anachukua picha yoyote kwenye intaneti, anaipeleka kwa wachapaji, na jioni bango la plastiki linaning'inia mlangoni likiwa na sura za watu wa Marekani asiowajua. Kazi ya brashi ikakauka. Leo nimerudi kuishi kwa kuchora, na vifaa vyangu vyote vimo ndani ya simu moja. Natoa ushuhuda huu kwa sababu wapo mafundi wenye mkono mzuri waliokaa tu nyumbani, na wapo vijana wanaoamini kwamba sanaa ya dijitali ni ya wenye kompyuta za mamilioni.

Aliyenifungulia njia ni mpwa wangu. Aliniwekea ibisPaint X, programu ya kuchorea iliyotengenezwa Japani, ile ya bure yenye matangazo. Akaniambia, "Mjomba, kazi yako ya ukutani inaingia yote humu. Jaribu, usiogope kuharibu, hapa hakuna rangi ya kupotea." Kweli hakuna. Ukigusa kioo kwa vidole viwili kwa pamoja, mstari uliokosea unafutika. Kwa fundi aliyezoea kufuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, hilo peke yake ni neema.

Kitu cha kwanza ni ukubwa wa kazi, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Picha ya kuchapwa kwenye karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 2480 kwa 3508. Ukianza na ndogo huna dawa baadaye. Ikikuzwa inakuwa na ukungu. Lakini simu yenye kumbukumbu ndogo ikipewa kazi kubwa hukupa leya chache, yaani tabaka za kuchorea, kwa hiyo inakulazimu uwe na mpango. Mimi sioni ubaya. Leya chache zenye kazi maalumu zinamfaa anayejifunza kuliko rundo la leya asizozikumbuka.

Leya ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine: unachora kwenye moja bila kugusa iliyo chini. Kwenye kibao nilikuwa napaka rangi ya uso, nangoja mpaka kesho ikauke, ndipo nitie nywele na macho. Humu hakuna kungoja, ila utaratibu ni ule ule. Chini kabisa naweka mchoro wa haraka, mistari hafifu ya kupima macho yako wapi na kidevu kinaishia wapi. Juu yake leya ya mistari safi. Kidole hutetemeka, na joto la Dar es Salaam hukifanya kikwame kwenye kioo, hivyo nafuta kidole na kioo kwa kitambaa kikavu, kisha napandisha kiwango cha kile kifaa cha ndani ya programu kinachonyoosha mstari. Kalamu ya ncha ya mpira ni hiari, kidole kinatosha. Kati ya mchoro na mistari naweka leya ya rangi ya msingi, nyuso na nguo zikiwa rangi tupu bila kivuli. Halafu leya ya kivuli juu ya hiyo rangi, nikiwa nimeifunga kwenye leya ya chini ili kivuli kisitoke nje ya uso hata nikipaka kwa fujo.

Hapo kwenye kivuli ndipo nilipobadilika.

Mafunzo mengi ya video niliyoyakuta yalifundisha kuchora watu weupe: rangi ya msingi ya pichi, kivuli cha waridi, basi. Wala si jambo geni. Kwa miongo kadhaa kampuni ya filamu ya Kodak iliwapa wachapaji wa picha kadi zenye sura ya mwanamke mweupe ili wapimie rangi, na watu weusi wakatoka kwenye picha kama vivuli vyenye meno. Kwenye vibao nasi tulikuwa na njia yetu ya mkato: kopo moja la kahawia kwa uso wote, na nyeusi kwa kivuli. Kwa mbali inasomeka, lakini ngozi yenyewe haimo.

Siku moja niliingiza kama leya picha ya bibi mmoja mweusi sana, amekaa barazani jioni, amejifunga kanga ya rangi ya chungwa. Nikabonyeza kidole kwenye paji la uso wake nikakishikilia, maana ukifanya hivyo programu inakuonyesha rangi iliyo pale pale. Nilitegemea kahawia. Ikatoka kijivu chenye ubuluu: ilikuwa mbingu. Nikabonyeza chini ya kidevu, ikatoka nyekundu iliyokoza inayoelekea chungwa: ilikuwa kanga yake, imepiga mwanga kwenda juu. Kwenye shimo la shavu, mahali ambapo maisha yangu yote ningepaka nyeusi, palikuwa na rangi ya damu ya mzee na zambarau. Sikupata nyeusi tupu popote usoni, isipokuwa kwenye mboni na ndani ya pua. Ngozi nyeusi haimezi mwanga peke yake. Inaurudisha, na kwa kuwa yenyewe imekoza, mng'ao wake unaonekana kuliko kwenye ngozi nyeupe.

Tangu hapo kivuli nakiweka kwenye modi ya kuzidisha, ile ambayo rangi ya juu huitia giza ya chini bila kuifunika, na rangi ninayochagua ni zambarau iliyopauka au damu ya mzee, kamwe si nyeusi. Juu yake leya ya mwanga: brashi laini, rangi ya buluu hafifu, kwa mapana kwenye paji na juu ya mashavu, kisha brashi ngumu ndogo kwenye ncha ya pua na mdomo wa chini. Mwisho natia joto, wekundu kidogo kwenye masikio na mabawa ya pua, maana sikio likipigwa na jua kwa nyuma linapitisha mwanga. Kisha naikagua. Naweka leya nyeusi juu ya zote, naibadilisha kuwa modi ya rangi, na picha nzima inageuka nyeusi na nyeupe. Kama uso bado unasomeka hapo, umesimama. Naigeuza pia kulia-kushoto. Jicho lililopanda juu litajitokeza lenyewe.

Mambo mengine ni ya kazi ya kila siku. Zima ile rangi ya njano ya usiku kwenye simu kabla ya kuchagua rangi. Kijani na buluu kali za kioo hufifia kwenye karatasi, kwa hiyo chapa kipande cha majaribio kabla ya kumkabidhi mteja. Na weka nakala nje ya simu, kila kazi ikiisha. Ukiifuta programu bila nakala, kazi zako nazo hupotea.

Wateja wangu sasa ni maharusi, watoto wanaotaka picha ya marehemu wazazi wao, na walimu wanaoandika vitabu vya hadithi. Programu hurekodi uchoraji wote kama video fupi, nami naituma kwenye status ya WhatsApp. Hiyo video imeniletea kazi kuliko picha zilizokamilika, kwa sababu mtu anaona mkono ukifanya kazi. Nachukua nusu ya malipo kwanza.

Wapo wanaosema kwamba ya simu si sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alichorea hapa hapa Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa kujengea, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa bei aliyoiweza. Kazi yake imezaa mtindo mzima wenye jina lake. Mimi sitakubali kwamba kioo cha simu ni kitu duni kuliko ubao ule.

Ndugu msomaji, ikiwa simu yako ina nafasi, pakua programu leo. Mkalishe mama, baba au bibi yako barazani jioni, mpige picha kwa ruhusa yake, na kabla hujachora mstari wowote, bonyeza paji la uso wake uone rangi iliyopo. Anzia hapo.