Mjusi wa Dari na Sumu ya Chupani

Askari anapopewa uhamisho wa kwenda Kasese au Bwera, mambo matatu humlaki yeye na jamaa yake kabla hawajamaliza kupanga vyombo. La kwanza ni joto la bondeni, kwa maana mji wa Kasese umekaa chini ya milima ya Rwenzori, karibu na mstari wa Ikweta, na barafu iliyosalia vileleni haimpunguzii joto mtu aliye bondeni. La pili ni mbu. La tatu ni mijusi. Mchana wako juu ya kuta za nje wakiota jua. Usiku wako ndani, juu ya dari na kando ya taa, wakitazama chini kama kwamba wao ndio wenye nyumba na binadamu ndiye mgeni.

Joto huzoeleka. Mbu hujulikana dawa yake, ingawa si wote waitumiao. Bali mjusi huwagawanya watu wa nyumba moja. Baba husema aachwe, mama husema auawe, watoto humrushia ndala. Yafaa basi jambo hili litazamwe kwa utulivu, kwa sababu uamuzi mbaya juu ya mnyama mdogo kama huyu huweza kuleta msiba mkubwa.

Kwanza ajulikane ni nani. Mijusi wa nyumbani si wa aina moja. Yuko yule wa usiku, mwenye ngozi laini ya kijivu na macho makubwa, ambaye watu wa pwani humwita mjusi kafiri na Waganda humwita munya. Huyu ndiye atembeaye juu ya dari miguu juu. Yuko yule wa mchana, mwenye magamba yanayong'aa na mistari mgongoni, apendaye kupita kizingitini na kutoweka chini ya mawe. Na yuko yule mkubwa zaidi, ambaye dume lake huwa na kichwa cha buluu. Huyo hukaa juu ya mti au ukuta wa ua, akitikisa kichwa juu na chini kama mzee anayekubali hoja. Watatu hawa wote hula wadudu. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye sumu.

Neno hilo la mwisho wengi hawaliamini. Husemwa kwamba mjusi akiangukia mboga, watakaokula watakufa wote. Husemwa kwamba mkojo wake hutoboa ngozi, na kwamba yule wa kichwa cha buluu akiuma, mtu haoni kesho. Kweli ni kwamba mjusi mkubwa akishikwa kwa mkono huuma, kama aumavyo kila kiumbe aliyeshikwa kwa nguvu, na kidonda chake huoshwa kwa maji na sabuni kama kidonda kingine. Mjusi wa dari hana meno ya kumdhuru mtu wala hana tezi ya sumu. Lakini hofu hiyo haikuzuka bure kabisa. Tumboni mwa mijusi huishi vijidudu viitwavyo salmonela, navyo hutoka pamoja na kinyesi. Kinyesi kikidondoka katika maji ya kunywa au chakula kilicholala wazi, walaji huweza kupata homa, kutapika na kuhara, na mtoto mchanga huweza kuzidiwa. Wazee waliona watu wakiugua baada ya mjusi kuingia chunguni, wakasema ni sumu. Kumbe ulikuwa uchafu, na uchafu huzuiwa kwa kifuniko.

Mjusi huja nyumbani kwa sababu ameitwa, na taa ndiyo imwitayo. Taa ikiwashwa barazani, nondo, mbu na mende warukao huifuata, naye mjusi huwafuata hao. Mvua zinaposhuka baada ya kiangazi na kumbikumbi kutoka ardhini kwa maelfu, dari ya nyumba yenye taa huwa kama ukumbi wa karamu. Nyumba yenyewe humpa malazi: ufa wa ukuta, nafasi kati ya boriti na bati, nyuma ya picha iliyotundikwa, nyuma ya kabati. Katika zile nyumba za bati za mviringo ziitwazo unipoti, ambazo askari polisi wengi wa Uganda wamezikalia, kila kiungo cha bati ni mlango wake. Humo hutaga mayai yake mawili meupe, madogo, yenye ganda gumu.

Umbo lake nalo lina mengi ya kumfunza mtu. Watu hudhani miguu yake ina gundi au hunyonya ukuta. Sivyo. Chini ya vidole vyake mna vinyweleo vingi mno visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kimegawanyika tena nchani. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walipima nguvu ya kinyweleo kimoja tu cha mjusi wa jamii hiyo, na baadaye ikathibitika kwamba vinyweleo hivyo hushika kwa ule mvutano mdogo uliopo kati ya vitu vinapokaribiana sana. Hana kope, kwa hiyo husafisha jicho kwa ulimi. Akishikwa mkia huuacha ukirukaruka ili adui aushughulikie, naye huondoka na uhai wake. Mkia mwingine huota. Askari ajuaye mbinu ya kurudi nyuma kwa utaratibu hawezi kumdharau kiumbe huyu.

Sasa ichukuliwe nyumba moja ya konstebo huko Bwera, iwe mfano wa nyingine nyingi. Baba yuko zamu mpakani Mpondwe kwa siku tatu. Mama amebaki na watoto wanne, mdogo wao wa miaka mitatu. Jioni moja mjusi anateleza kutoka kwenye boriti na kuangukia sufuria ya uji. Uji unamwagwa, watoto wanalala na njaa, na kulipokucha mama anamwendea mchuuzi wa sokoni auzaye dawa za kila namna. Anapimiwa dawa nyeupe kama maziwa ndani ya chupa ya soda. Haina kibandiko, haina maelezo. Anapaka kidogo dirishani na kandokando ya dari, na chupa iliyobaki anaiweka chini ya kitanda.

Baba anaporudi anakuta harufu kali, na mtoto yule mdogo ameketi sakafuni akihangaika kufungua kifuniko cha chupa.

"Mama watoto, ni nini hiki?"

"Ni dawa ya mijusi, baba watoto. Wametuangukia ndani ya chakula."

"Na mtoto naye anadhani ni nini?"

Mama hakujibu. Kila mtoto wa Bwera ajua kilichomo katika chupa ya soda. Kifuniko kilikuwa kimekazwa, na huo tu ndio uliokuwa mpaka kati ya nyumba ile na matanga.

Jirani yao, bibi wa Kikonzo aliyezeeka palepale, aliposikia habari hiyo aliwaambia bila kuwalaumu: "Wanangu, mjusi nimeishi naye tangu utoto wangu. Hiyo chupa ndiyo ngeni."

Maneno ya bibi huyo ndiyo kiini cha jambo lote. Sumu iliyoogopwa kwa mjusi haikuwamo ndani ya mjusi; iliingizwa nyumbani kwa mkono wa aliyetaka kumwua. Kasese ni wilaya ya pamba na kahawa, na dawa za mashambani hupatikana kwa urahisi. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya shamba lililo wazi, zipuliziwe na mtu aliyevaa kinga, wala si kwa ajili ya chumba ambamo watu sita hulala. Baadhi yake hushambulia mishipa ya fahamu. Aliyezinywa au kuzivuta hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho husinyaa, pumzi humwia nzito, na asipohudumiwa upesi hufa. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kutapika, wala wakati usipotezwe kwa kumtafutia maziwa. Apelekwe mara moja hospitalini, iwe Bwera, iwe Kagando, iwe penginepo palipo karibu, na chupa ya sumu ichukuliwe pamoja naye ili mganga aione.

Tena sumu haina nidhamu ya askari. Haiishii pale ilipoamriwa. Katika miaka ya 1950 nyumba za Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, zilipuliziwa DDT ili kuua mbu wa malaria. Paka wakafa kwa wingi, panya wakazidi, hata mwezi Machi 1960 ndege ya jeshi la anga la Uingereza ikalazimika kuwadondosha paka kwa miavuli katika kijiji cha Bario. Kazi ile ilisimamiwa na wataalamu wenye vipimo. Mama aliyepimiwa dawa sokoni ndani ya chupa ya soda ana kipimo gani?

Ifanyweje basi? Silaha za kazi hii ni rahisi, nazo zimo katika kila nyumba. Chakula kifunikwe tangu kinapoiva mpaka kinapoliwa, na sufuria isiachwe wazi chini ya boriti. Mtungi na jerikeni za maji ya kunywa ziwe na vifuniko, na kikombe cha kuchotea kisilale kikitazama juu. Sahani zioshwe na kuinamishwa. Kinyesi cha mjusi kikionekana mezani kifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha mikono inawiwe. Watu wa Bwera hawahitaji kufundishwa upya kunawa mikono. Mwezi Juni 2019, hospitali ya Bwera ilipowahudumia wagonjwa wa Ebola waliovuka kutoka Kongo, wasafiri pale Mpondwe walinawa na kupimwa joto kabla ya kupita. Desturi iliyookoa maisha wakati ule isiachwe kwa kuwa hatari ile imepita.

Apendaye kuwapunguza mijusi awapunguzie sababu ya kuja. Taa ya barazani izimwe isipohitajika. Nyufa zizibwe kwa udongo au saruji, na wavu utiwe madirishani. Makombo yafagiliwe kabla ya kulala ili mende wasipate karamu. Kitanda cha mtoto na meko visogezwe mbali na taa, maana chini ya taa ndipo mjusi awindapo na ndipo adondokapo. Aliyeingia chumbani aweza kusukumwa nje kwa ufagio laini. Na aliye na dawa ya shamba aifungie mbali na watoto, katika chombo chake cha asili chenye kibandiko. Isiyojulikana jina isimwagwe mtoni Lhubiriha wala chooni, bali ofisa wa kilimo aulizwe la kufanya.

Hata hivyo mjusi asisifiwe kupita kiasi. Wako wasemao kwamba penye mijusi hapana malaria, kwa hiyo hukunja chandarua na kukiweka sandukuni. Hilo ni kosa jingine, tena la hatari. Ni kweli kwamba mjusi hula mbu, lakini hula pia nondo, buibui na mende, kila ampataye mbele yake, na hapokei amri ya kuchagua. Mbu mmoja aliyeponyoka atosha kumlaza mtoto hospitalini. Serikali ya Uganda imegawa vyandarua bure nchi nzima zaidi ya mara moja, ikiwemo katika kampeni ya miaka ya 2020 na 2021. Chandarua hicho kimetolewa kwa ajili ya kitanda, wala si kwa kufunika miche ya bustani. Mjusi na awe msaidizi wa lindo. Mlinzi mkuu ni chandarua.

Limebaki neno la imani. Wako waumini wanaosimulia kwamba mjusi alipuliza moto uliowashwa kumchoma Nabii Ibrahimu, na kwa hiyo humwua. Imani ya mtu ni ya kuheshimiwa, na hakuna atakayemwingilia. Lakini hata amwuaye kwa sababu hiyo aweza kumwua kwa fimbo. Hakuna dini iliyomwagiza mtu kuweka sumu chini ya kitanda cha mwanawe.

Familia ya askari huhama mara nyingi. Leo Bwera, mwakani Gulu, kisha Moroto, na kila wendako watakuta viumbe wadogo waliotangulia kukaa katika nyumba ile. Akina baba na akina mama wakizoea kuuliza kwanza kiumbe huyu ni nani, ala nini na adhuru vipi, watajua nani wa kufukuzwa, nani wa kufungiwa mlango na nani wa kuachwa ukutani afanye kazi yake. Nao watoto, wakiwaona wazazi wao hawatupi ndala kwa kila kitambaacho, watajifunza kutazama kabla ya kupiga.